Majuma Sita Kabla ya Mafunzo ya Usaidizi wa Uuguzi: Jibu kwa Msomaji wa Lexington

Msomaji mmoja anayeishi Lexington, Kentucky, mzaliwa wa Fizi huko Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, ameniandikia kwamba amepata nafasi katika mafunzo ya usaidizi wa uuguzi yatakayoanza baada ya majuma sita. Anaeleza kuwa alimuuguza bibi yake mpaka siku ya mwisho, na kwamba kambini alijitolea kama mhudumu wa afya. Kiingereza chake ni cha kusikilizana dukani na kiwandani, si cha vitabuni, na hesabu humtia hofu. Anataka kujua anunue kitabu gani, ajiandae vipi, na afanye nini kuhusu suala la kumwogesha mwanamume, ambalo mume wake bado hajalikubali. Mwishoni ameongeza swali fupi: "Na nikifeli mtihani?"

Mama, nianze na kitabu kwa sababu jibu lake halina urefu: usinunue chochote kwa sasa. Kitabu utakachosoma ni kile ambacho mwalimu wako atakitaja siku ya kwanza, na fedha unayotaka kuitoa leo itakufaa zaidi kwenye viatu. Kazi yenyewe ya kumwogesha, kumlisha, kumgeuza na kumvalisha mtu asiyejiweza unaijua kuliko wengi utakaokaa nao darasani. Usichokijua ni utaratibu wake wa Kimarekani, yaani nini kitangulie nini, nini kisemwe kwa sauti kabla mkono haujamgusa mtu, na nini kiandikwe, kwa kipimo gani na kwa saa ipi. Nimewafundisha kina mama waliouguza wazazi wao miaka kumi wakaangushwa kwenye mtihani na breki ya kiti cha magurudumu ambayo hawakuifunga, huku msichana wa miaka 19 ambaye hajawahi kumshika mgonjwa akipita vizuri, kwa sababu yeye hakuwa na mazoea yoyote ya kuyaacha. Kwa hiyo majuma yako sita yatumie kuizoeza mikono yako utaratibu mpya, na kabla ya hapo umalize mambo ya karatasi, ambayo hayamsubiri mtu.

Kipimo cha kifua kikuu ndicho kinachowachelewesha watu wetu kuliko kingine. Njia iliyozoeleka ni kuchomwa dawa kidogo chini ya ngozi ya mkono, kisha kurudi baada ya saa 48 hadi 72 ili mahali hapo pasomwe. Na sehemu nyingi hudai kipimo hicho kifanywe mara mbili, cha pili kikifuata baada ya juma moja hadi matatu. Hesabu mwenyewe uone jinsi mwezi unavyokwisha. Tena wewe, kama mimi na kama karibu kila mtu aliyezaliwa kwetu, huenda ulichanjwa BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, utotoni, na chanjo hiyo inaweza kuufanya mkono uvimbe hata kama huna maambukizi yoyote. Mtu akiona uvimbe ule bila kujua historia yako, atakupeleka kupiga picha ya kifua, na wakati huo darasa linaanza bila wewe. Waambie mapema kwamba ulichanjwa BCG, na uulize kama wanakubali kipimo cha damu, kwa sababu hicho hakiathiriwi na chanjo hiyo na hukamilika kwa safari moja. Ule mfuko wa plastiki wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, uliosafiri nao ukiwa umeukumbatia ndani ya ndege, usiudharau: ndani yake kuna rekodi zako za afya, na mara nyingi kuna orodha ya chanjo ambazo watu hulipia upya kwa kutojua kwamba tayari wanazo. Angalia hasa chanjo ya homa ya ini ya aina ya B, ambayo kwa utaratibu wake wa kawaida wa dozi tatu huchukua miezi sita. Hutaweza kuimaliza kabla ya darasa, lakini ukiwa umekwisha kuianza, una jambo la kuwaonyesha.

Karatasi ya pili ni jina. Wakongo wengi tulio nao hapa walifika majina yao yakiwa yamepinduliwa, jina la ukoo likakaa mahali pa jina la ubatizo, na herufi moja ikatofautiana kati ya kitambulisho cha jimbo na kadi ya hifadhi ya jamii. Kwenye mtihani wa jimbo, jina ulilojiandikishia lazima lifanane na lile lililo kwenye kitambulisho unachokionyesha mlangoni, na mtahini hana mamlaka ya kukuhurumia. Weka kadi zako zote mezani leo, uzisome herufi kwa herufi, na kama kuna tofauti anza kuirekebisha sasa. Uchunguzi wa rekodi za polisi utafanywa pia, lakini huo huendeshwa na wenyewe. Kazi yako ni kutaja kwa ukweli kila anwani uliyowahi kuishi hapa.

Hukuniuliza habari ya ada, lakini nitaisema kwa sababu naona watu wakidhulumiwa. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinasema kwamba mtu ambaye siku anayoanza mafunzo ameajiriwa na nyumba ya kutunzia wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid (mipango ya serikali ya kulipia matibabu ya wazee na ya wenye kipato kidogo), au amekwisha kuahidiwa kazi hapo, hatakiwi kutozwa chochote kwa mafunzo wala mtihani, hata vitabu. Na aliyejilipia mwenyewe, akiajiriwa na nyumba ya namna hiyo ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, ana haki ya kurudishiwa gharama zake kidogo kidogo kadiri anavyoendelea kufanya kazi, kwa hiyo tunza kila risiti. Kabla hujalipa popote, hakikisha kwamba mafunzo hayo yamo katika orodha iliyoidhinishwa na jimbo. Anayekuahidi cheti kwa masomo ya intaneti peke yake, bila kukanyaga wodi, anakuuzia karatasi tu.

Sheria iliyoyazaa mafunzo haya ilipitishwa mwaka 1987, baada ya malalamiko mengi juu ya wazee kutupwa bila matunzo, na ndiyo iliyoweka kima cha chini cha saa 75 kwa nchi nzima. Kentucky, ambako jina rasmi la kazi hii ni State Registered Nurse Aide, ndiyo zile herufi SRNA unazoziona kwenye matangazo, inafuata kima hicho. California inadai saa 160, jambo la kulijua kama una mpango wa kuhama. Katika saa hizo, zisizopungua 16 hufundishwa kabla hujaruhusiwa kumgusa mkaazi yeyote, yaani mtu anayeishi na kutunzwa katika nyumba hizo, nazo huhusu mawasiliano, kuzuia maambukizi, usalama na dharura, kumwachia mtu uhuru wake, na haki zake. Tazama mambo hayo matano vizuri, mama. Hakuna hata moja linalohusu kuogesha au kulisha. Waliotunga sheria waliona kwamba mkono hodari usiojua hayo matano ni mkono wa hatari, na mtihani wako umejengwa juu ya mtazamo huohuo.

Sehemu ya vitendo ya mtihani huwa na stadi chache zinazochaguliwa bila wewe kujua, kwa kawaida tatu hadi tano, na kunawa mikono huwamo. Anza na hiyo nyumbani kuanzia leo jioni: lowesha mikono, paka sabuni, sugua mpaka povu lifike kwenye vifundo, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde zisizopungua 20, vidole vikielekea chini ili maji machafu yasirudi kwenye kiwiko, suuza bila kugusa sinki, kausha kwa karatasi safi, kisha funga bomba kwa karatasi nyingine, si kwa mkono uliokwisha kuusafisha. Ukigusa sinki kwa bahati mbaya, unaanza upya. Watoto wako watakucheka siku mbili za kwanza, na siku ya tatu watakuwa watahini wakali kuliko wa jimbo.

Kila stadi nyingine ina mwanzo na mwisho ambao haubadiliki, na hapo ndipo alama nyingi hupotea. Unabisha hodi, unamsalimu mtu kwa jina lake, unajitambulisha, unamweleza utakalofanya kabla ya kulifanya, unavuta pazia, unanawa, unapandisha kitanda kufikia kimo cha kiuno chako, unafunga breki. Ukimaliza, kitanda kinashushwa mpaka chini, kengele ya kuita inawekwa mkononi mwake, si mezani ambako haifikii, pazia linafunguliwa, unanawa tena. Fanya mazoezi haya na mume wako kila usiku, yeye akiwa amelala kitandani kama mkaazi, nawe ukisema kila hatua kwa Kiingereza na kwa sauti. Nasisitiza sauti. Sisi tumelelewa kumhudumia mgonjwa kimyakimya, na kimya chetu ni adabu. Lakini mtahini hawezi kuipa alama adabu asiyoisikia, na mzee mwenye kusahau akiguswa na mtu asiyesema kitu huogopa na pengine hupiga.

Kuna kanuni chache za mwili ambazo ukizishika sasa zitakaa. Aliyepooza upande mmoja huvalishwa kuanzia upande dhaifu, na kuvuliwa kuanzia upande wenye nguvu. Jicho hufutwa kuanzia karibu na pua kwenda nje, kila mpanguso kwa sehemu mpya ya kitambaa. Mwanamke husafishwa kutoka mbele kwenda nyuma, na hili halina msamaha. Mfuko wa mpira wa mkojo haupandi juu ya kibofu hata kwa dakika moja. Anayelishwa hukaa wima, na hulishwa na mtu aliyeketi, si aliyemsimamia kichwani kama askari. Kabla ya kumsimamisha mtu, viatu vyake visivyoteleza viwe miguuni na mkanda wa kumshikia uwe kiunoni juu ya nguo, kwa kuwa kumvuta mtu kwa makwapa, kama tulivyozoea sote, humtegua bega yeye na kukuvunja mgongo wewe.

Gumu kuliko yote ni kumwachia mtu afanye mwenyewe. Bibi yako ulimlisha kwa mkono, ukamfuta uso, ukamvisha, naye akakubariki, na kila aliyekuona akasema una moyo. Huku mkaazi anayeweza kushika kitambaa hupewa kitambaa ajifute uso, hata kama itachukua dakika kumi na maji yamwagike, na wewe unasubiri. Unamwuliza avae blauzi ya bluu au ya njano, na akitaka ya njano iliyochakaa, ndiyo atakayovaa. Nilipoanza kazi hii, kabla sijasomea uuguzi wenyewe, nilimvalisha bibi mmoja haraka na vizuri, nikangoja asante, naye akamwita muuguzi kulalamika kwamba nimemfanya mtoto mchanga. Niliumia sana siku hiyo. Baadaye nikaelewa kwamba kufunga vifungo vyake mwenyewe ndiyo kazi pekee aliyokuwa amebakiwa nayo. Hata hilo neno bibi liache nyumbani. Kwetu kumwita mzee babu au bibi ni heshima, lakini hapa ukimwita hivyo kwa Kiingereza bila ruhusa yake inahesabika kuwa kumpunguzia utu, na darasani utasahihishwa. Sema bwana fulani au bibiye fulani kwa jina la ukoo, mpaka yeye mwenyewe akuombe vinginevyo. Na unapomsikiliza mtazame usoni. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa, jambo ambalo kule Tanga nilikotoka mama yangu angenisifu kwalo, hapa husomeka kama kutojali au kuficha jambo.

Sasa hesabu. Hofu yako ni kubwa kuliko hesabu zenyewe. Aunsi moja ya kinywaji ni mililita 30, hivyo kikombe cha aunsi 8 alichomaliza mkaazi ni 240, na akiacha nusu ni 120. Kilo moja ni ratili 2.2. Joto la kawaida la mwili ambalo kambini uliliandika 37 kwa Selsiasi, hapa kwa Farenhaiti ni 98.6, na ile 38 ya homa ya kukuamsha ni 100.4. Chakula hukadiriwa kwa robo za sahani. Mapigo ya moyo huhesabiwa kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, na kwa kawaida mtihani huvumilia tofauti ya mapigo manne kati yako na mtahini, na pumzi mbili unapohesabu kupumua. Tafuta saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ya bei ndogo, uhesabu mapigo ya kila mtu nyumbani mpaka wakukimbie.

Hesabu ya kweli ya kuihofia ni ya saa. Kumbukumbu za wagonjwa kwa kawaida huandikwa kwa saa 24, na mtu anayefikiri kwa Kiswahili hubeba tofauti ya saa sita kichwani bila kujijua. Mkaazi amekojoa saa nane mchana, wewe unafikiri "nane", mkono unaandika 0800, kumbe ilipasa kuwa 1400. Kosa hilohilo nililifanya katika juma langu la pili kazini, katika nyumba moja ya wazee ambayo sitaitaja: zamu iliyofuata ikasoma kwamba mzee hakupata mkojo tangu asubuhi, akapigiwa simu daktari, na mzee akasumbuliwa bure. Hapa wewe uliyesoma kwa Kifaransa una nafuu ambayo mimi sikuwa nayo, maana shuleni Kongo mlikwisha kuhesabu mpaka saa kumi na nne na saa kumi na tisa. Rudi kwenye mazoea hayo. Badilisha saa ya simu yako iwe ya 24, na kwa majuma haya sita usitafsiri: ukiona 1400, iwe 1400 tu.

Kiingereza cha kazi hii ni kidogo kuliko unavyodhani, ila ni cha pekee. Hutaulizwa maneno ya magazeti. Utaulizwa maana ya "void", ambalo kitabuni ni kukojoa, "ambulate", kutembea, "supine", kulala chali, na herufi NPO, zitokazo Kilatini, ambazo maana yake ni kwamba mgonjwa asile wala asinywe chochote, hata akikuomba maji kwa machozi. Maneno ya aina hii, pamoja na majina ya viungo vya mwili na vitu vya chumbani, hayazidi mia tatu, na ukijifunza kumi kwa siku unayamaliza kabla darasa halijaanza. Andika kila neno kwenye kipande cha karatasi, nyuma yake Kiswahili, na ubandike vya chumba cha kulala chumbani na vya bafuni bafuni. Kanuni za serikali kuu zinakupa pia haki ya kuchagua mtihani wa maandishi au wa kusikiliza, ambao maswali yake husomwa kwa matini iliyoandaliwa na kwa sauti isiyoelemea jibu lolote. Usitegemee wa Kiswahili, lakini kama masikio yako yanakishika Kiingereza kuliko macho yako, chagua wa kusikiliza na uliseme hilo wakati wa kujiandikisha, si asubuhi ya mtihani. Jizoeze vilevile kuripoti ulichokiona bila kukipa jina la ugonjwa. Mama mmoja darasani kwangu aliripoti kwamba mkaazi "ana maambukizi ya mkojo", na pengine alikuwa sahihi, lakini sentensi iliyotakiwa ni kwamba mkojo una rangi nzito, unanuka, na mkaazi anasema unamchoma. Kutaja ugonjwa si kazi ya msaidizi.

Nimeliacha suala la mume wako hadi hapa makusudi, kwa kuwa lisipozungumzwa nyumbani kabla ya siku ya kwanza, litazungumzwa siku ya kwanza kwa hasira. Utawaogesha wanaume. Nyumba nyingi hazina wahudumu wa kiume wa kutosha kukukinga na hilo, na ingawa mkaazi anaweza kukataa kuhudumiwa na mwanamke, mhudumu hana uhuru kama huo kwa siku zote. Mweleze bwana yako namna inavyofanyika hasa: mtu hufunikwa kwa shuka, hufunuliwa sehemu moja tu inayooshwa na kufunikwa tena, glavu mkononi, pazia limevutwa, na anayeweza kujiosha sehemu zake za siri hupewa kitambaa ajioshe. Mwenye umri wa kuogeshwa kitandani mara nyingi ana aibu kuliko wewe. Kwenye mtihani huoshwa sehemu hizo za sanamu, si za mtu. Baada ya kuyasikia hayo, kama bado hawezi kukubali, ni afadhali mjue sasa, kuliko baada ya wewe kuacha kazi ya kiwandani.

Viatu viwe vimefungwa mbele, visivyoteleza, vya kusimamia kwa muda wa saa nane au kumi na mbili mfululizo. Kucha ziwe fupi na za asili, pete zibaki nyumbani isipokuwa ile ya ndoa isiyo na jiwe, na kama unajifunga kitambaa kichwani, ncha zake ziingie ndani ya vazi ili mkaazi aliyechanganyikiwa asizivute.

Kuhusu kufeli: kanuni zinakupa nafasi zisizopungua tatu za kufaulu mtihani, na mara nyingi anayeanguka sehemu moja hurudia sehemu hiyo tu. Karatasi ya matokeo itaonyesha stadi ipi ilikuangusha; mpelekee mwalimu wako siku hiyohiyo, kwa sababu hatua uliyoiruka unaikumbuka leo, na baada ya juma utakuwa umejiaminisha kwamba uliifanya. Ikiwa tayari umeajiriwa kama mwanafunzi katika nyumba ya wazee, ujue kwamba hawaruhusiwi kukutumia kama msaidizi zaidi ya miezi minne bila wewe kumaliza mafunzo na kufaulu, kwa hiyo omba tarehe ya marudio mapema. Na ukishaingizwa kwenye daftari la jimbo la wasaidizi wa uuguzi, usikae miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya kulipwa ya uuguzi, kwa sababu baada ya hapo utatakiwa kusoma au kufanyiwa mtihani upya. Ukijaliwa mtoto mwingine katikati ya miaka hiyo, hata zamu chache za mwisho wa juma zitatosha kulishikilia jina lako mle, mradi mwajiri aziandike.